Nilivyochelewa Kumzika Mama Yako

Mlandege, Iringa
Jumapili, alasiri

Mwanangu Tusekile,

Salamu tutapeana kesho stendi mbele ya watu, kwa hiyo hapa naziruka. Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Mimi nimekaa kwenye meza ya jikoni, na Mama Skola yuko upande wa pili anapiga pasi nguo zako. Ameniuliza naandika nini, nikamwambia. Akasema basi nimsomee kadiri ninavyoandika, kwa sababu mengine yanamhusu. Ukiona mahali nimekata maneno nikaandika mengine juu yake, ujue amenisahihisha.

Mambo ya kuamka mapema, kuwaheshimu manesi wakubwa na kutunza sare yako, hayo amekwisha kukueleza yeye, tena zaidi ya mara moja. Baridi ya Mbeya umezaliwa nayo. Mimi nina jambo moja tu, na ni refu. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini unanijua. Nikianza kusema habari za mama yako nafika mahali nauliza kama ng'ombe wamenyweshwa, na ng'ombe hatuna.

Nataka kukueleza jinsi mama yako alivyotutoka na jinsi nilivyoishi baada yake. Kipande kimoja unakijua kunishinda, kwa sababu wewe ulikuwapo na mimi sikuwapo. Vingine hujapata kuambiwa. Sababu ya kukueleza leo ni Lusajo, na hilo nalisema mapema ili usisome ukijiuliza baba anaelekea wapi.

Lusajo nilimpenda. Alipokuja mara ya kwanza kutoka Tukuyu na mjomba wake kuleta neno la uchumba, alikaa pale barazani akaongea na mimi habari za injini kama mtu anayezijua, wakati hazijui. Nikasema moyoni, huyu kijana ana adabu ya kujaribu. Alipokwenda kwenye migodi ya kusini kutafuta ng'ombe wa mahari, sikuwa na wasiwasi naye. Kisha wakarudi wenzake na sanduku lake na blanketi lake, wakasema jiwe lilimwangukia chini ya ardhi na wamemzika hukohuko. Tangu siku ile umefanya kazi zote za nyumba, umeimba kanisani, umefaulu mtihani wako wa hospitali, na hujawahi kulitaja jina lake mbele yangu. Sikukuuliza. Nilikuwa nakuona, na nilikuwa najiona mimi.

Sasa nianze.

Mama yako Subilaga nilimwona kwanza kwao Tukuyu, nilipopelekwa na mzungu wa mashamba kuchukua ndizi kwa lori. Yeye alikuwa akipakia. Nilikuwa kijana wa Kisafwa kutoka Ilomba, Kinyakyusa changu kibovu, nikamsalimu vibaya, wasichana wote wakacheka isipokuwa yeye. Alinirudishia salamu polepole ili nisikie inavyotamkwa. Basi. Sikuwa na mwingine kabla yake, na nilidhani sitakuwa na mwingine baada yake. Tukaoana, ukazaliwa wewe, nikaenda vitani kuendesha magari ya jeshi, nikarudi, nikamkuta amelima na amejenga jiko jipya. Hatukuwa na maisha ya kusimuliwa. Tulikuwa na maisha mazuri.

Mwaka ule aliokufa, mwanzoni mwa miaka hii ya hamsini, mvua ilinyesha mpaka watu wakachoka kuizungumzia. Alikuwa na mimba kubwa. Nilikuwa nimepeleka mzigo Iringa, na niliharakisha kurudi, lakini nilipofika Igawa mto ulikuwa umefurika na barabara imekuwa uji. Malori yalisimama upande huu na upande ule, tukalala humo ndani tukisubiri maji yapungue. Utingo wangu alikuwa anapika chai kwa kuni mbichi.

Asubuhi moja mtu akasimama ng'ambo ya mto akaniita kwa jina. Alikuwa jirani yetu wa Ilomba, anayesafiri kuja huku. Alipiga kelele, sikusikia. Maji yalikuwa na mngurumo mkubwa. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba sisikii. Akasogea mpaka ukingoni, akaweka mikono mdomoni, akasema, "Mama Tuse amefariki. Na mtoto. Wamezika jana."

Nilisikia, lakini nikaonyesha tena sikioni kwangu, na yule maskini ikambidi arudie maneno yale yote kwa sauti ya kupiga kelele, mbele ya madereva wote. Nilimtaabisha bure. Nilitaka labda mara ya pili yatoke maneno mengine.

Nilipofika nyumbani matanga yalikuwa yamekwisha. Nilionyeshwa udongo. Watu wakaniambia pole, nikapokea. Wewe ulikuwa umekaa na bibi yako, umefungwa kitambaa kichwani, ukanitazama bila kuja. Nilidhani umenikasirikia kwa kuchelewa. Sijui mpaka leo, na leo usijibu.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Kwa kuwa sikumwona amelala, sikumwona akishushwa, kichwa changu kilikubali amekufa na mwili wangu ukakataa. Bibi yako alikuchukua Tukuyu. Mimi nikabaki Ilomba. Nguo zake niliziacha kwenye kamba chumbani vilevile. Ungo wake ulibaki umeegemezwa ukutani. Kila nilipotoka safari, nilipokaribia nyumbani nilipiga honi pale kwenye kona kama nilivyozoea, halafu naangalia mlango. Majirani waliona. Kuna mama mmoja jirani alikuwa akisikia ile honi anaingia ndani na kufunga mlango wake, asinione.

Ulipita mwaka, wazee wa upande wa mama yako wakaniita Tukuyu. Wakasema nyumba haiwezi kukaa hivyo, na kama napenda, Bupe, mdogo wake mama yako, anaweza kushika nafasi ya dada yake, ndiyo desturi. Mwanangu, nilikubali kabla hawajamaliza kusema. Bupe unamjua, anafanana na mama yako macho na mwendo. Nilirudi pale mara kwa mara, nikapeleka sukari, nikapeleka kitenge. Nilifurahi sana siku zile. Nilidhani nimepona.

Siku moja Bupe akanisindikiza mpaka barabarani. Tulipofika akasimama, akasema, "Shemeji, naomba nikuambie kabla wazee hawajaendelea."

"Sema."

"Mimi sitakuja Ilomba."

Nikamuuliza kama kuna mwingine. Akasema hakuna. Nikamuuliza nimemkosea nini. Alifikiri kidogo, maana alikuwa bado msichana na mimi ni mtu mzima.

"Wiki iliyopita uliniambia nifunge kitambaa kama dada alivyokuwa akifunga. Leo nimecheka, ukaniambia nicheke tena. Ukinitazama, unatazama nyuma yangu. Mimi dada namlilia pia, shemeji. Nikija kwako sitapata mahali pa kumlilia, kwa sababu nitakuwa mimi ndiye yeye."

Nilipanda lori. Bupe aliwaambia wazee kwamba yeye ndiye hataki, wakamgombeza, na hakunitaja. Ukimpata Mbeya au ukienda Tukuyu kusalimia, umheshimu sana yule mama yako mdogo. Mimi wakati ule nilimwona mkatili. Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba ameniokoa, na amejiokoa.

Baada ya hapo sikuweza tena ile kona ya nyumbani. Niliacha kazi ya udereva, nikafunga nyumba ya Ilomba kwa kufuli na kila kitu ndani, nikaja Iringa nikaajiriwa ufundi kwenye gereji ya Mhindi mmoja hapa Mlandege. Hapa hakuna aliyemjua mama yako. Nilikuwa nafanya kazi, nalala, nakutumia nguo na ada kwa bibi. Watu waliniona ni mtu mtulivu. Haukuwa utulivu.

Kando ya gereji kulikuwa na banda la mabati ambako mwanamke mmoja alikuwa akipika chakula cha mafundi. Ndiye huyu anayekunyooshea kola sasa hivi. Wenzangu waliniambia habari zake: ni Mhehe wa upande wa Kalenga, aliolewa akakaa na mume muda mrefu bila mtoto, mume akamrudisha kwao. Akaja mjini akaanza kupika. Nilikula pale miezi mingi bila kumjua sura. Nilikuwa natazama sahani.

Siku moja nilikuwa nimekaa mwisho wa benchi, na upande wa pili amekaa karani mmoja mnene wa bomani, mtu wa tai. Akainuka ghafla kumsalimu bwana mkubwa wake aliyekuwa akipita. Benchi likapinduka na mimi nikaenda chini na sahani ya maharage. Nilikaa mavumbini, maharage kifuani, nikainua macho, nikamwona Skola ameshika mwiko anajizuia kucheka, amefumba mdomo, mabega yanatetemeka. Basi nikacheka mimi. Nilicheka mpaka machozi yakatoka. Naye akaachia. Karani akafikiri tunamcheka yeye, akaondoka na hasira.

Jioni ile nikiwa naoga nikakumbuka kwamba nimecheka, na kwamba tangu Igawa sikuwa nimecheka. Nikahisi vibaya, Tuse. Nilihisi kama mtu aliyekula chakula alichowekewa mwenzake. Nikasema, Subilaga yuko chini ya udongo wa Ilomba na mimi nachekea maharage. Sikurudi bandani. Kwa siku kadhaa nilinunua mahindi ya kuchoma nikala nimesimama nyuma ya magari.

Niliporudi, Skola akanipakulia, akanisalimu kwa Kihehe, "Kamwene. Nilidhani yale maharage yamekuua."

Nikasema, "Nilikuwa na kazi."

"Kazi ya mahindi. Nilikuona."

Hapa amenisimamisha. Anasema hakusema "nilikuona", alisema "watu wamekuona". Haya.

Tukaanza kuongea. Alikuwa anaongea habari za kawaida, bei ya mkaa, mwenye nyumba wake, mbwa anayeiba nyama. Si mtu wa maneno matamu, unamjua. Lakini alikuwa akiniuliza kitu anasubiri jibu mpaka litoke. Baada ya muda nikawa namsaidia kubeba maji jioni. Nikamtengenezea mlango wa banda. Sikumfananisha na mama yako, kwa sababu hakukuwa na pa kuanzia: mmoja mrefu mwingine mfupi, mmoja mpole mwingine anakata maneno. Nikajidanganya kwamba kwa hiyo hakuna ubaya.

Kisha nikamwita kwa jina la mama yako. Ilikuwa jioni, nilikuwa nimechoka, amenipa maji ya kunawa, nikasema, "Ndaga, Subilaga." Ile asante ilitoka yenyewe, kwa Kinyakyusa.

Hakukasirika. Alimwaga yale maji, akafuta mikono, akaketi.

"Huyo aliyeitwa hayupo," akasema. "Mimi naitwa Skola. Ni nani?"

Nikamweleza. Nilimweleza Igawa, nikamweleza nyumba iliyofungwa, kamba ya nguo, honi, hata Bupe. Sikuwa nimewahi kuyasema kwa mtu. Alisikiliza yote, kisha akaniambia maneno ambayo leo nimemwomba ayarudie ili nisiyakosee. Alisema: "Nilishafukuzwa nyumba moja kwa sababu ya kitu nisichokuwa nacho. Siingii ya pili nifukuzwe kwa sababu ya mtu nisiyekuwa. Mimi nakupenda, nisikufiche. Lakini una mke nyumbani hujamzika. Nenda ukamzike. Ukirudi unikute au usinikute, hiyo ni juu ya Mungu, lakini ukiwa hujamzika usirudi kwangu."

Niliumia. Nilifikiri, anajuaje huyu, hata hajui kaburi liliko. Nilikaa na hasira wiki mbili tatu, sikumsemesha. Halafu nikaomba ruhusa gereji nikapanda basi la Mbeya.

Sikwenda Ilomba moja kwa moja. Nilipita kwanza Tukuyu kwa bibi yako. Wewe ulikuwa shuleni, ndiyo maana hukumbuki safari hiyo. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kuomba twende pamoja Ilomba tukafungue nyumba." Aliingia ndani kuchukua shuka lake. Hakuniuliza kwa nini. Baadaye nilijua alikuwa akinisubiri niseme hivyo tangu mwanzo, na alikuwa amechoka.

Tulifungua nyumba mchana. Panya walikuwa wamekula ungo. Nguo zilikuwa pale kwenye kamba, zimepauka upande wa dirisha. Bibi yako alizishusha moja moja, akazikung'uta nje, akazikunja. Nilikaa kizingitini. Nilikuwa nimebeba swali tangu Igawa, na sikuwahi kumuuliza yeyote, si yeye, si wewe, si yule jirani, kwa kuogopa jibu. Nikamuuliza, "Mama, alikufaje?"

Bibi yako hakuacha kukunja. Akanieleza kama mtu anavyoeleza safari. Uchungu ulianza jioni. Mkunga alikuja. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Walitaka kumpeleka hospitali kwa machela lakini mvua ilikuwa kubwa na kijito kimejaa, wakasema wangoje kidogo ipungue. Damu ilitoka nyingi. Kulipokaribia kupambazuka alikuwa amenyamaza.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Mwanzoni aliuliza kama lori limefika. Nikamwambia bado."

"Na mwishoni?"

"Mwishoni alisema mlango ufungwe, baridi inaingia. Tukaufunga."

Nikangoja. Bibi yako akaona nangoja.

"Ni hayo tu, mwanangu," akasema. "Hakukuachia neno. Hakujua kwamba anakufa. Alidhani anasikia baridi."

Nimekaa miaka nikifikiri kuna neno alilonitumia likapotea njiani kwa sababu sikuwapo kulipokea. Nilifikiri aliniita. Labda alinilaumu. Labda alisema nisioe. Hakukuwa na neno. Kulikuwa na mwanamke aliyekuwa na baridi, na mama yake akafunga mlango. Nililia pale kizingitini kama mtoto, kwa mara ya kwanza, na nilikuwa namlilia yeye. Kabla ya hapo nilikuwa nalilia kuchelewa kwangu.

Nguo tuliwapa majirani. Yule mama aliyekuwa akifunga mlango akisikia honi yangu alichukua gauni la kijani, akalivaa kanisani Jumapili ile, na mimi nikaliona likipita, likawa gauni la jirani. Tulipalilia kaburi mimi na bibi yako. Tulipomaliza, amepiga magoti bado, akaniuliza, "Kuna mtu Iringa?"

Nikasema, "Yupo, mama. Sijui kama bado ananitaka."

"Ana jina?"

"Anaitwa Skola."

Akalirudia mara mbili hivi, kwa Kinyakyusa chake, "Sikola, Sikola," kama mtu anayejifunza. Akasema, "Nilimpoteza binti yangu. Sikutaka kukupoteza na wewe, na kila ulipokuja ulikuwa umekuja kumtafuta yeye kwangu. Sasa ukija, uje kunisalimia mimi."

Niliporudi Iringa, Skola alikuwa bandani. Aliniangalia usoni kabla hajanisalimu, kisha akasema, "Umekula?" Mchungaji alitufungisha ndoa baada ya mavuno.

Anasema niandike pia kwamba alikuwa na hofu kuliko mimi. Anasema siku zote nilipokuwa Mbeya aliunguza chakula na mafundi wakalalamika. Hilo nalisikia leo kwa mara ya kwanza. Tumekaa ndoa hii miaka yote hii na leo ndiyo ananiambia.

Yaliyofuata unayajua, kwa sababu ndipo nilipokuja kukuchukua. Ulikaa katika nyumba hii miezi mingi huli chakula chake mpaka mimi nionje kwanza. Ulimwita "wewe". Nilitaka kukuchapa, yeye akanizuia, akasema, "Mwache. Anamlinda mama yake. Ingekuwa mimi ningependa kulindwa hivyo." Hakukulazimisha kumwita mama. Jina la Mama Skola ulilibuni mwenyewe, ukalileta siku moja kama hujui umeleta nini, na kwa furaha usiku ule yeye hakulala. Nilikuwapo, naweza kushuhudia.

Usije ukafikiri nilimsahau mama yako ndipo nikaweza kumpenda huyu. Sikumsahau. Namkumbuka vizuri zaidi sasa. Nilipokuwa nimefunga ile nyumba nilimkumbuka amesimama mlangoni tu, picha moja, ananingoja. Baada ya kuifungua akanirudia mzima. Nakumbuka alivyokuwa mkaidi. Nakumbuka alivyounguza uji. Mama Skola huniuliza habari zake, nami namweleza, na hakuna anayeumia. Anasema sasa hivi kwamba wakati mwingine huumia kidogo. Nimeandika.

Sasa nirudi kwako na nimalize, maana utafika.

Mwezi uliopita Mwalimu Elia alikuja kuleta kile kitabu cha nyimbo za kwaya. Nilikuwa nje chini ya gari la mchungaji, hamkuniona. Alikuwa akikueleza jinsi mbuzi alivyoingia darasani kwake, ukacheka. Ulicheka kwa sauti, Tuse, mpaka ukashika nguzo ya baraza. Halafu nikaona uso wako unabadilika. Ukachukua kitabu, ukamwambia una mambo mengi ya kufanya, aende, ukaingia ndani. Yule kijana alibaki amesimama hajui amekosea nini. Mimi nilijua. Nilibaki chini ya gari muda mrefu kuliko gari lilivyohitaji.

Tangu siku hiyo hata salamu yake unaipokea kwa mbali. Sikuambii umpende. Pengine ni mtu wa kukuchekesha tu, na hapo pameishia, si kila anayetuchekesha ametumwa. Utakutana na watu wengine huko. Lakini ule uso naufahamu, na nisingependa ukae nao miaka niliyokaa nao mimi. Hukuiba kitu cha Lusajo ulipocheka.

Wewe pia hukumzika wako. Umbali ni mkubwa, kaburi lake hutaliona, na hakuna nguo za kushusha. Lakini yupo aliyekuwa naye. Asajile, yule mwenzake aliyeleta sanduku, yuko Mbeya sasa, ameajiriwa kwenye ghala la kahawa, na mke wake ni ndugu wa mbali wa bibi yako. Alipokuja hapa na habari ile ulikimbilia chumbani hukumsikiliza, na mimi sikutaka akueleze kwa nguvu. Alinieleza mimi. Ningeweza kukuandikia hapa alivyosema, lakini siandiki, kwa sababu mimi nilihitaji kusikia kwa aliyekuwapo. Ukiwa tayari, nenda kwake na mwenzako mmoja, umuulize. Atakueleza. Litakuwa jambo dogo kuliko unaloliogopa, na litauma, na litakuwa limekwisha. Usipokuwa tayari, usiende. Hakuna anayekuhesabia.

Limebaki moja. Jana Elia alinifuata gereji. Alisimama pale mpaka mafundi wakaanza kumtazama, ndipo akaniuliza kama itakuwa vibaya akija stendi kesho kukuaga. Aliuliza kwa heshima. Nilimwambia hilo si la kuuliza baba, nitakuuliza wewe, na kwamba jibu likiwa hapana asiulize tena. Akakubali.

Kwa hiyo nakuuliza. Mama Skola atakupa barua hii ukirudi, kabla ya chakula. Kama hutaki aje, usiseme kitu, tutakula, kesho tutakupeleka sisi wawili na hakuna atakayelitaja. Kama unataka, nyumba anayokaa ni ile ya nyuma ya shule, na bado kutakuwa na mwanga. Nenda ukamwambie mwenyewe. Chakula tutakusubiri.

Nimefurahi kuwa baba yako. Nenda salama kwenye kazi ya watu wagonjwa, na uwe mpole kwa wale watakaokuja wakiwa wamechelewa.

Ni mimi,
Baba yako

Mama Skola anasema ukienda uvae sweta.